Mteremko wa mawimbi ya ubongo: ni mizani kweli?



Juma iliyopita binamu yangu alinitumia picha yenye inazunguka kwenye simu: eti EEG, kile kipimo cha kubandika waya kwenye kichwa, sasa inaonyesha ugonjwa wa Parkinson. Aliuliza kama tuuze mbuzi mbili ili baba mukubwa apimwe. Mzee ana miaka 71, mukono unatetemeka, na levodopa yake peke yake tunaipata kwa shida. Njo nikaenda kusoma makala yenyewe.

Ni ya Wiest na wenzake, ilitoka 2023 katika jarida eLife. Kazi nzuri, nasema wazi. Katika ubongo kuna seli zenye kuamsha zingine na zenye kuzituliza. Ukichora nguvu ya mawimbi ya umeme kufuatana na mbio yao, ya polepole yana nguvu mingi, ya mbio yana kidogo. Mustari unashuka kama njia ya mulima. Gao, Peterson na Voytek waliandika 2017 kwamba ukali wa mteremko ule unaonyesha upande gani unalemea. Wiest na wenzake wakaijaribu kwa panya walioondolewa dopamini, kati ya mapigo 30 na 100 kwa sekunde: mteremko ukiwa mukali, seli zinapiga kidogo, utulizaji umezidi. Kwa wagonjwa pia, dawa na umeme wa kutibu viliambatana na mteremko mukali zaidi.

Sasa ubishi wangu. Waya zilikuwa wapi? Ziliingizwa kwa operesheni mpaka kiini kidogo kilicho chini ya talamasi, ndani kabisa. Hazikubandikwa juu ya ngozi ya kichwa. Kwenye ngozi, misuli ya taya na ya paji la uso nayo inatoa umeme, tena katika mapigo yale yale 30 mpaka 100. Na mutu wa Parkinson, misuli yake ni migumu! Mteremko ukilala, ni ubongo ao ni taya? Halafu uzee peke yake unaulaza. Hiyo Voytek na wenzake walishaionyesha 2015.

Tena hilo neno mizani. Mama muuza unga ana sahani mbili, unaziona zote. Hapa tuko na namba moja tu. Ikipanda, utulizaji umeongezeka ao uamshaji umepungua? Namba haisemi. Ndani ya makala wanaandika kwa adabu kwamba matokeo "yanadokeza". Lakini kichwa cha makala kinakata moja kwa moja kwamba mteremko unaonyesha mizani. Hapo nawalaumu. Wengi wetu tunasoma kichwa tu.

Ila kupima mzee wa kijiji hawakukusema hata siku moja. Walipendekeza alama ya kusaidia mashine ya umeme, yenye iko tayari ndani ya mugonjwa, ijirekebishe yenyewe. Picha ya simu njo iliruka mito yote hiyo.

Nikamujibu binamu: mbuzi ziache. Munganga anatambua Parkinson kwa kutazama mwendo wa polepole, ugumu wa viungo, mutetemeko, na vile mutu anapata nafuu kwa levodopa. Kama kuna pesa, iende kwa dawa.

Amenitumia sauti ya dakika tatu. Bado anabisha.