Wazimu: Asili ya Neno na Mahali pa Unyanyapaa

Katika mijadala kuhusu istilahi za afya ya akili, neno wazimu mara nyingi huhukumiwa kwa asili yake. Hoja huenda hivi: wazimu limetokana na mzimu, mzimu ni roho ya mfu, kwa hiyo asemaye kwamba fulani ana wazimu anadai, ajue asijue, kuwa fulani ameingiliwa na roho. Makala haya yanakubali dai la asili na kulikataa hitimisho. Sarufi ya neno hilo inaonyesha kwamba wazimu uliachana na mizimu, na kwamba unyanyapaa wake umekaa mahali pengine.

Asili yenyewe haina utata mkubwa. Shina -zimu lina jamaa wengi katika lugha za Kibantu. Kiganda kina muzimu na wingi wake mizimu, Kishona kina mudzimu na vadzimu, na Kitswana huwaita wahenga waliofariki badimo, hali Modimo, lenye shina hilohilo, limekuwa jina la Mungu. Kiswahili chenyewe kina kuzimu, makazi ya wafu, na mzimu kwa maana ya mahali pa matambiko, maana inayodokezwa na anwani ya riwaya ya Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale.

La kuzingatiwa ni kiambishi. Vadzimu na badimo ni maumbo ya wingi katika ngeli ya watu, na wa- ya Kiswahili ni ndugu ya va- na ba- hizo. Yamkini, basi, wazimu lilikuwa wingi wa viumbe. Hata hivyo, upatanisho wa leo haukubali wingi huo: husemwa wazimu huu, wazimu wake, wazimu umempanda; hapana asemaye wazimu wamempanda. Maelezo yaliyo karibu ni kwamba silabi ya kwanza ilisikika upya kama ile ya wakati, wajibu na wasiwasi, maneno ya Kiarabu yaliyoingizwa katika ngeli ya U kwa sababu ya mwanzo wake. Kwa kuhamia huko, wazimu liliacha kutaja viumbe likawa jina la hali. Viumbe walibaki na wingi wao mwingine, mizimu.

Mpinzani anaweza kujibu kwamba vitenzi vimeihifadhi imani ya kale, kwani mtu hupandwa na wazimu kama apandwavyo na pepo. Lakini mtu hupandwa pia na hasira, na huingiwa na hofu, wala hasira haihesabiwi kuwa roho. Muundo huo ni wa hali zote zimjiazo mtu bila hiari yake. Tena, pepo hupungwa, wazimu haupungwi. Lau maneno hayo mawili yangekuwa na maana moja kwa wasemaji, kupunga wazimu kungekuwa usemi wa kawaida kama kulivyo kupunga pepo. Kiswahili kinazo pepo, jini na shetani kwa ajili ya maradhi yanayodhaniwa kuletwa na roho, na wazimu umeachiwa kazi nyingine.

Ikiwa dharau haitoki katika asili, inatoka wapi? Linganisha miundo mitatu: kupandwa na wazimu, kuwa na wazimu, na mwendawazimu. Katika wa kwanza mtu ni mtendwa, na kilichompanda kinaweza kumshuka. Katika wa pili anacho kitu, naye aweza kuwa nacho leo na kesho asiwe nacho. Katika wa tatu hali imekuwa jina lake. Kiambishi cha mtenda katika mwenda- kinamfanya mgonjwa aonekane kuwa ndiye aendaye wazimu, kana kwamba ni mwenendo aliouchagua. Hapo ndipo unyanyapaa ulipo: katika unominishaji wa mtu, si katika kumbukumbu ya wafu.

Tofauti hii ina matokeo ya kiutendaji. Sheria ya Afya ya Akili ya Tanzania ya mwaka 2008 ina anwani inayotaja afya, wala haimtaji mtu kwa hali yake. Mwelekeo huo ni sahihi. Lakini anayedhani kwamba kubadilisha leksimu kunatosha atakuta mgonjwa wa akili likitumika mitaani kama tusi, kwa kuwa nalo humfunga mtu ndani ya jina. Mtu mwenye ugonjwa wa akili ni kauli ndefu zaidi, ila inamtanguliza mtu.

Kwa watunga kamusi, funzo ni kutenganisha kazi mbili. Asili ya wazimu ielezwe katika sehemu ya etimolojia bila kupenyezwa katika fasili. Na alama ya matumizi ya kudhalilisha iwekwe kwenye kidahizo cha mwendawazimu. Wazimu, kwa sarufi yake ya leo, ni hali. Na hali humjia mtu, ikamwondoka.