"Kutokomeza" Ukoma: Kitenzi Kimoja, Kazi Tatu

Katika mabango ya afya yanayobandikwa zahanati, na katika matangazo ya redio, kuna kitenzi kinachojitokeza mara kwa mara, nacho ni kutokomeza. Hatuna ugomvi na umbo lake, maana ni Kiswahili safi. Ugomvi wetu ni juu ya mzigo kiliotwishwa.

Wataalamu wa afya hutofautisha hali tatu. Kwanza, ugonjwa kwisha kabisa ulimwenguni, kama ulivyokwisha ndui, ambao kutoweka kwake kulitangazwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1980. Pili, maambukizi kukatika katika nchi au eneo fulani. Tatu, ugonjwa kupungua mpaka chini ya kiwango kilichowekwa, usihesabiwe tena kuwa tatizo la afya ya jamii, ingawa wagonjwa wangalipo. Lugha za kigeni zilizotunga istilahi hizi zenyewe hazikuitenga vema hali ya pili na ya tatu. Sisi tumezimimina zote katika chungu kimoja.

Tuchukue mfano wa ukoma. Kiwango kilichowekwa ni mgonjwa mmoja kwa kila watu 10,000. Dunia kwa jumla ilikifikia mwaka 2000, na Tanzania mwaka 2006, na hapo ikasemwa kuwa ukoma umetokomezwa. Lakini sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini. Kwa hesabu hiyo, wagonjwa zaidi ya 6,000 waweza kuwamo katika matibabu na nchi ikaendelea kuitwa iliyoutokomeza ukoma! Mwaka 2023 duniani kote waligunduliwa wagonjwa wapya zaidi ya 180,000.

Sasa na tumfikirie mkulima wa mpunga wa Ruaruke, katika Wilaya ya Kibiti, aliyeota baka mgongoni. Baka lenyewe haliwashi wala haliumi. Likiguswa, halina hisia. Bakteria wa ukoma huzaana polepole mno, hata dalili huchukua kwa wastani miaka mitano kujitokeza, na pengine ishirini. Mtu huyu amesikia kwamba ukoma umetokomezwa. Kwa nini basi apange safari ya kwenda zahanati kwa ajili ya baka lisilomuuma? Laiti angekwenda mapema, angepewa bure mchanganyiko wa dawa uliopendekezwa tangu mwaka 1981, akapona kwa miezi sita au kumi na miwili, vidole vyake vikiwa vizima. Dawa ipo, kinachomzuia ni kitenzi. Wala Rufiji si mahali ambapo ukoma ni hadithi ya kale. Kijiji cha Kindwitwi, karibu na Utete, kilikuwa kwa miaka mingi makazi ya watu wenye ukoma, na Padre Robin Lamburn aliishi nao huko hadi kufariki kwake mwaka 1993.

Buba nayo ina la kutufundisha. Kati ya mwaka 1952 na 1964, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walizunguka nchi 46 na sindano za penisilini, na wagonjwa wakapungua kutoka milioni 50 hadi milioni 2.5. Kazi iliyosalia ilipoachiwa huduma za kawaida, fedha na bidii vilihamia kwingine, na katika nchi kadhaa buba ikarudi. Kilichopungua kilishughulikiwa kana kwamba kimekwisha.

Liko pia jina la kundi zima la maradhi haya, ambalo rasmi ni Magonjwa Yaliyokuwa Hayapewi Kipaumbele. Jina refu hilo lina adabu kupita kiasi. Kauli ya kutendwa imemficha asiyetoa kipaumbele, na yaliyokuwa inatuambia kwamba kosa lilikuwa la zamani, limekwisha rekebishwa. Mwaka 2025 Marekani ilipolifunga shirika lake la misaada, lililokuwa likigharimia kampeni za dawa hizi katika nchi nyingi, Tanzania ikiwamo, njeo ile ilionekana kuwa imetangulia mambo. Sisi twapendelea magonjwa yaliyopuuzwa. Ni jina fupi, nalo humfanya msikilizaji aulize: yamepuuzwa na nani?

Kwa maoni yetu, kutokomeza kibakie kwa hali ya kwanza peke yake, yaani kwa ndui na kwa lolote litakaloifuata. Hali ya pili iitwe kukatisha maambukizi, istilahi inayojieleza yenyewe. Kwa hali ya tatu tunapendekeza kufifisha. Tunajua kwamba wenzetu wa Wizara wataliona neno hili kuwa dhaifu kwa bango, kwani halina kishindo cha ushindi. Lakini kilichofifia kinaweza kuwaka tena, na hiyo ndiyo maana inayotakiwa. Tangazo lingesomeka hivi: "Ukoma umefifia nchini, lakini bado upo. Ukiona baka lisilo na hisia, nenda zahanati. Dawa ni bure."