Trewavas, perege na bwawa la Kasulu

Ukitaka kujua perege wako ni wa ukoo gani, tazama kwanza anavyolea. Hilo ndilo wazo lililobeba kitabu kinene cha Ethelwynn Trewavas cha 1983, alichokitoa akiwa na miaka zaidi ya 80. Wanaolinda mayai chini, juu ya mchanga au mawe, akawaacha katika Tilapia. Wanaoyaatamia mdomoni akawagawa: jike peke yake, Oreochromis, dume naye akibeba, Sarotherodon. Weka Oreochromis kwenye tangi la kioo ujionee. Dume anachimba shimo, jike anataga, anayabeba mayai mdomoni na kufunga karibu siku zote hizo za kulea. Baba hana habari!

Wazo limezeeka vizuri, ila siyo lote. Perege wadogo wa Ziwa Natron aliwaweka ndani ya Oreochromis. Wengine wakawatoa, jeni zikawarudisha humohumo. Tilapia yake, kwa upande mwingine, ilivunjwavunjwa mwaka 2013.

Sasa, msomaji wa Kasulu au Kibondo, kitabu hiki ni chako. Humo ndimo Oreochromis malagarasi alipopewa jina, na maji yako, yawe ya Ruchugi au Moyowosi, yanaishia Malagarasi. Ndiyo maana nakigombeza. Tabia ya kulea inatenganisha jenasi, lakini sato wa kufugwa naye ni Oreochromis. Wakikutana na mwenyeji kwenye bwawa moja, wote wana desturi ileile: dume anachimba, jike anabeba. Wanaweza kuzaa chotara. Ukirudi kitabuni kuwatambua, unaambiwa uhesabu miiba ya pezi na pingili za mgongo, yaani umuue samaki kwanza, na chotara anaweza kuangukia katikati ya hesabu zote.

Siyo hofu ya bure. Sato alipopandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, alimkuta ngege wa asili. Leo ngege amebaki zaidi kwenye viziwa vya pembeni. Uvuvi na sangara vina lawama yao, lakini ushindani na kuzaliana na sato navyo vimo kwenye kesi.

Basi ukinunua vifaranga, muulize muuzaji wazazi wao walitoka mto gani. Halafu nenda kaangalie mfereji wa bwawa lako mvua ikinyesha, maji yakifurika yanaelekea wapi.