Bakthoni ya High Park na Namna Inavyoondolewa

Mwaka 1873 John George Howard, msanifu wa majengo aliyehamia Toronto kutoka Uingereza, aliiandikia halmashauri ya jiji hati ya kuitoa ardhi yake iliyo magharibi ya mji iwe bustani ya watu wote, kwa masharti yanayofanana sana na ya wakfu kama tuujuavyo sisi watu wa pwani, ijapokuwa mtoaji alijiwekea posho ya kila mwaka muda wa uhai wake, jambo ambalo kadhi wa Kishafii angeliuliza juu yake maswali mawili matatu. Miongoni mwa masharti hayo lilikuwemo la kwamba ardhi ibakie katika hali yake ya asili kwa kadiri iwezekanavyo. Bustani hiyo, High Park, ina takriban hekta 161 hivi leo, na sharti hilo limewapa watunzaji wake kazi kubwa kuliko Howard alivyodhani, kwa sababu hali ya asili ikiachwa peke yake mjini haibaki, huvamiwa.

Asili ya mahali hapo ni mbuga ya mialoni myeusi, miti isimamayo mbalimbali juu ya mchanga ulioachwa na ziwa la zamani liitwalo Iroquois, na chini yake nyasi ndefu na maua ya lupini yanayohitaji jua. Mbuga ya namna hii hudumu kwa moto upitao mara kwa mara na kuteketeza vichaka. Walowezi walipouzuia moto, kivuli kikazidi, michipukizi ya mialoni ikadhoofika, na katika nafasi iliyoachwa wazi ikaingia bakthoni.

Kichaka hiki, ambacho wataalamu hukiita Rhamnus cathartica, kililetwa kutoka Ulaya katika karne ya 19 kwa kusudi jema kabisa, yaani kiwe ua wa bustani na kizuizi cha upepo pembezoni mwa mashamba. Kina mwiba mfupi kwenye ncha ya kitawi, na ukikata shina lake utaona moyo wa mti una rangi ya machungwa iliyokoza, alama ambayo haiwezi kumpoteza mtu. Hutoa majani mapema, nayo huyashikilia yakiwa mabichi hata Novemba, wakati miti ya kienyeji imekwisha kupukutika, hata mkaguzi apitaye msituni majira hayo huviona vichaka vyote kwa mbali bila ya kuinama. Tunda lake jeusi ni haluli kali. Ndege hulila na kuzitapanya mbegu popote atuapo. Sheria ya jimbo la Ontario imekiandika katika orodha ya magugu mabaya, si kwa kuyahurumia maua ya porini, bali kwa sababu kinahifadhi ukungu wa kutu ya oti na kuwapa vidukari wa soya mahali pa kupitisha baridi.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe. Mtu mgeni wa kichaka hiki hushika msumeno, hukata shina usawa wa ardhi, hujifuta jasho na kwenda zake. Akirudi mwaka wa pili hukuta penye shina moja pamezuka vijiti kumi vinavyosimama kama ufagio, kwa kuwa mizizi ilikuwa imejaa akiba na haikuguswa. Wakazi wa Baringo, Kenya, wanaijua habari hii vizuri kwa mti wa mathenge, uliopandwa huko miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa, na ambao kila ukatwapo huota tena kwa hasira. Kukata, basi, si kuondoa.

Kwa hiyo vichaka hugawanywa kwa umri. Mche mchanga hung'olewa kwa mkono ardhi ikiwa na unyevu baada ya mvua, na mchanga wa High Park ni mlaini kwa kazi hii kuliko udongo wa mfinyanzi ulioko sehemu nyingi za Toronto. Ulio mkubwa kidogo hunaswa shina lake kwa chombo cha chuma chenye taya na mpini mrefu, kinachofanya kazi ya mtaimbo, ukatoka pamoja na mizizi. Lakini kichaka kilichokwisha kuwa mti hakifai kung'olewa, ingawa nguvu zipo, kwa sababu kukiinua kisiki kunalifumua shimo pana, mizizi ya mimea ya kienyeji iliyo jirani hukatika, na mbegu za bakthoni zilizolala chini, ambazo huweza kudumu hai kwa muda wa miaka mitano hivi, huletwa juu penye mwanga. Anayeng'oa namna hiyo anapanda.

Kichaka cha namna hii hukatwa, kisha kisiki hupakwa dawa ya kuua magugu, nayo haimwagwi ovyo, bali hutiwa kwenye ule mzunguko mwembamba ulio hai baina ya gome na mti, na hutiwa mara baada ya kukata, kabla jeraha halijakauka na kujifunga. Wakati bora ni tangu mwisho wa kiangazi hata majira ya baridi, maana majira ya chipuko utomvu hupanda kwa nguvu na kuisukuma dawa nje, ilhali mwisho wa mwaka mti unapeleka chakula chake mizizini na hubeba sumu pamoja nacho. Tangu tarehe 22 Aprili 2009 Ontario imepiga marufuku dawa za kupendezesha bustani, ikaacha mlango kwa kazi za kuhifadhi mazingira asilia chini ya masharti na kwa mikono yenye leseni. Kwa hiyo wenye kujitolea hung'oa, hukata na kupanda, na dawa huachiwa wenye idhini. Naiona tofauti hii kuwa ya haki. Tone lililowekwa juu ya kisiki kimoja si sawa na pampu iliyopita juu ya majani ya nyumba nzima.

Baada ya hapo ndipo huja moto. Tangu mwaka 2000 jiji limekuwa likiwasha moto wa makusudi katika sehemu za High Park, aghalabu mwezi wa Aprili, siku ambayo upepo na unyevu vimekubali, nao hutambaa chini ukiunguza nyasi na majani makavu bila ya kuidhuru mialoni mikubwa yenye gome nene. Yuko atakayeuliza kwa nini usitangulizwe moto huo na kuokoa taabu yote ya msumeno. Jibu liko katika majani. Jani la mwaloni ni gumu, huoza polepole, na likikauka hujikunja likaacha nafasi ya hewa, ndiyo maana moto hulipenda; jani la bakthoni lina naitrojini nyingi na huoza upesi, hata chini ya kichaka kilichoshonana mtu hukuta udongo mtupu, na moto ufikapo pale hukosa kuni ukazimika. Kichaka kimejijengea handaki. Mpaka kikatwe, jua lishuke, na nyasi na majani ya mwaloni yarudi, moto hauna la kufanya. Lakini yakisharudi, moto huo huo huimaliza miche inayoota kutokana na mbegu zilizobaki, kazi ambayo mikono ya watu isingeiweza.

Mwenye bakthoni uani kwake hana moto wala leseni. Shina lisilofika sentimita 30 kwa upana, likipimwa mita 1.4 kutoka ardhini, halihitaji kibali cha jiji, isipokuwa nyumba ikiwa katika eneo la mabonde yanayohifadhiwa, ambako kila mti una sheria yake. Akiwa na vichaka vingi na nguvu chache, aanze na vya kike, kwa kuwa hivyo ndivyo vizaavyo matunda. Akate karibu na ardhi, akifunike kisiki kwa plastiki nene nyeusi, aifunge barabara chini yake kwa kamba ili mwanga usipenye, na aiache misimu miwili ya kukua, huku akipita kila baada ya wiki kadhaa kukata chochote kinachochomoza pembeni.