Hofu Kabla ya Habari: Muda wa Shaka katika "Mame Bakari" na Rosa Mistika

Utangulizi

Makala haya yananuia kuchunguza kipindi kifupi ambacho uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kukiruka. Ni zile siku ambazo msichana anashuku kwamba amepata mimba asiyoitarajia, ila bado hajapata yakini. Wahakiki wetu wameandika mengi kuhusu mimba kama tokeo, yaani kama adhabu, kama funzo kwa vijana, au kama kielelezo cha dhuluma ya mwanamume. Ni nadra kuuliza mhusika aliishije kabla ya kujua.

Swali lililozaa makala haya liliulizwa mjini Isiolo. Tulikuwa tumealikwa katika shule moja ya upili kuzungumzia diwani ya Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine (2016), iliyohaririwa na Said A. Mohamed na Alifa Chokocho, wakati ilipokuwa ikitahiniwa katika mtihani wa kidato cha nne nchini Kenya. Tulipofikia "Mame Bakari", hadithi ya Mohammed Khelef Ghassany, mjadala ulifuata mkondo uliozoeleka: dhamira, wahusika, mbinu za lugha. Ndipo mwanafunzi mmoja aliposimama akauliza, "Mwalimu, kama Sara hangebakwa, kama angekuwa amekwenda mwenyewe, baba yake angempokea vilevile?" Darasa lilicheka, kisha likanyamaza. Nasi hatukuwa na jibu la haraka. Makala haya ni jaribio la kumjibu mwanafunzi huyo.

Lugha ya kushuku

Tuanze na lugha yenyewe. Kiswahili kina msamiati mpana wa mimba iliyokwisha kujulikana. Msichana hutiwa mimba, hupewa mimba, hupachikwa mimba. Vitenzi hivi vyote viko katika kauli ya kutendwa, na anayetenda mara nyingi hatajwi. Lakini tukitafuta nomino ya ile hali iliyo kati ya kushuku na kujua, hatuipati kwa urahisi. Tunazungumza kwa kuzunguka: siku zake zimepita, hajaenda mwezini. Lugha inahesabu siku na kuiacha hofu bila jina.

Methali nazo zinavutana. Moja inasema mficha uchi hazai, nyingine kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Zote mbili zinamhimiza mtu aseme. Hata hivyo, jamii hiyo hiyo iliyozitunga humfunza binti kuwa kusema jambo la aina hii ni kuuvunjia ukoo heshima. Msichana mwenye shaka amebanwa kati ya hekima anayofunzwa na aibu anayoiogopa.

Sara na mahakama ya fikra

Katika "Mame Bakari", Sara ni mwanafunzi anayeshambuliwa na kubakwa usiku akitoka kwenye masomo ya ziada. Hawaambii wazazi wake. Sehemu kubwa ya hadithi haielezi mambo yanayotendeka bali mambo ambayo Sara anadhani yatatendeka: ghadhabu ya baba, kufukuzwa shuleni, kejeli za wenzake na minong'ono ya watu. Anafungua mahakama akilini mwake, anajishtaki na kujihukumu kabla mtu yeyote hajatamka neno.

Mhakiki wa Kifaransa Gérard Genette alitufunza kutofautisha muda wa tukio na muda wa usimulizi wake. Kwa kipimo hicho, "Mame Bakari" ni hadithi ya pekee. Ubakaji ni tukio la dakika chache; hofu inayoufuata ndiyo inayojaza kurasa. Mwandishi amekiona kile ambacho wengine wamekipuuza, kwamba hofu ya mimba ina muda wake na mantiki yake.

Mantiki hiyo ni ya kikatili. Tunajua leo kwamba mwathiriwa wa ubakaji akifika kituo cha afya ndani ya saa 72 anaweza kupewa dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI, na kwamba vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vinaweza kutumika hadi saa 120, ingawa hufaa zaidi vikitumiwa mapema. Hizo ndizo saa ambazo msichana kama Sara huzimaliza akiwa kimya. Hofu ya kupata mimba, ikiandamana na hofu ya baba, huisaidia mimba itunge. Hapa kinaya cha hadithi kinavuka mipaka ya fani, kwani kinagusa maisha ya msomaji.

Hofu ya Sara haikutoka hewani. Ghassany anatoka Zanzibar, ambako sheria ya mwaka 1985 iliruhusu mwanamke asiyeolewa afungwe gerezani kwa kupata mimba, hadi ilipobadilishwa mwaka 2005. Tanzania Bara, wasichana wajawazito walizuiwa kuendelea na shule za kawaida za serikali hadi zuio hilo lilipoondolewa Novemba 2021. Kenya imekuwa na sera ya kuwarejesha shuleni tangu mwaka 1994. Sera, hata hivyo, huanza kazi baada ya habari kujulikana. Haimfikii msichana anayehesabu siku kwenye kalenda.

Rosa asiyepokelewa

Mwishoni wazazi wa Sara hawamfukuzi. Baba aliyeogopwa kurasa zote anageuka kuwa mzazi mwenye huruma, na rafiki yake Sarina pamoja na Daktari Beluwa wanakuwa daraja la kumfikisha hapo. Baadhi ya wasomaji wataona hili kuwa suluhisho la mkato. Kwa maoni yetu, udhaifu uko kwingine: hadithi imehakikisha mapema kwamba Sara hana hatia. Msamaha wa baba ni msamaha kwa asiyekosa, na huo ni mwepesi.

Ndiyo sababu swali la Isiolo linatupeleka kwa Rosa. Katika Rosa Mistika (1971), riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyopigwa marufuku shuleni Tanzania kwa muda, Rosa analelewa kwa ukali na baba yake, Zakaria, ambaye anampiga kwa sababu ya barua ya mvulana. Anapopata uhuru wa shule na chuo, anaingia katika mapenzi kwa hiari. Anatoa mimba, anakataliwa na Charles aliyetaka kumwoa, na hatimaye anajiua. Kezilahabi anamlaumu mzazi waziwazi, na hilo lilikuwa jambo la ujasiri kwa wakati wake. Lakini hofu ya Rosa haipewi nafasi iliyopewa ile ya Sara. Tunaona kosa na tunaona kaburi. Siku za katikati zinapita upesi.

Katika Kidagaa Kimemwozea (2012) ya Ken Walibora hali inazidi. Kitoto kinaachwa kwenye makao ya Amani, na msomaji anakutana nacho kabla ya kumjua mama yake, Lowela. Mimba yake yote imebaki nje ya jukwaa.

Tukiziweka kazi hizi pamoja, tunaona kwamba kati ya 1971 na 2016 fasihi yetu imejifunza kumsikiliza msichana mwenye hofu, kwa sharti kwamba hakutaka lililompata. Aliyetaka bado hana msimulizi. Ilhali hofu yenyewe haibagui. Aliyebakwa na aliyependa huzihesabu siku zile zile, huamka usiku ule ule, na humwogopa baba yule yule.

Hitimisho

Isiolo ni mji wa njia panda. Waborana, Wasomali, Wameru, Waturkana na Wasamburu hukutana sokoni na darasani, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Kwa wanafunzi wengi pale si lugha ya mama. Tulihisi kwamba jambo hili lilimpa mwanafunzi yule ujasiri: aliweza kuuliza kwa Kiswahili, kwa jina la Sara, swali ambalo huenda asingeliuliza nyumbani kwa lugha ya nyumbani. Fasihi ilikuwa imempa kificho cha kusemea.

Basi mwalimu anayewauliza wanafunzi kila mwaka waeleze "madhara ya mimba za mapema" anakifunga kificho hicho, kwa sababu swali lake linaanzia pale ambapo shaka imekwisha. Tunapendekeza swali jingine: Sara angemwambia nani, siku gani, na nini kilimzuia? Swali hilo linahitaji ushahidi wa matini kama lolote lingine. Aidha, linamkumbusha msomaji mwenye shaka yake mwenyewe kwamba kipimo cha mkojo humaliza shaka kwa dakika chache pindi siku zinapopita, na kwamba kabla ya mahakama ya fikra kukata hukumu, yuko Sarina fulani wa kuambiwa.

Kwa mwanafunzi wa Isiolo, jibu letu ni hili: hadithi haisemi, kwa kuwa mwandishi hakuthubutu kumweka baba yule katika mtihani huo. Riwaya itakayothubutu bado tunaisubiri.