Kiduku cha Storm

Vijana wanaochora katuni hapa Mikocheni, hasa wanaoanza, humjaza shujaa wao wa kike nguvu kwanza: anapaa, anarusha moto, anabomoa ukuta. Mimi huwaelekeza kwa Storm wa X-Men, kundi la mashujaa wa katuni, kwa sababu waliomtengeneza walifika mbali zaidi walipoanza kumpunguza.

Alitokea mwaka 1975, mikononi mwa mtunzi Len Wein na mchoraji Dave Cockrum. Cockrum alikuwa na wahusika wawili aliowabuni, mwanamke mwenye asili ya paka na mwanamume wa tufani. Akawaunganisha, akapatikana mwanamke mweusi mwenye nywele nyeupe na joho. Tunamkuta Kenya, wanakijiji wakimwomba mvua kama mungu. Mchoro unavutia, ila Afrika yake ni nyembamba mno: watu wapo ili wasujudu tu.

Mwaka uliofuata Chris Claremont akamchimbia msingi. Storm, jina lake halisi Ororo, kazaliwa New York, baba Mmarekani mpiga picha wa magazeti, mama Mkenya aitwaye N'Dare. Wakahamia Cairo, ndege ikaangukia nyumba yao, na mtoto akafukiwa kifusini kando ya maiti ya mama yake. Tangu hapo mtawala wa anga anatetemeka akiingia chumba finyu. Hofu hiyo moja imewafaa watunzi kuliko radi zote.

Mwaka 1983, katika toleo la 173 la katuni za X-Men, mchoraji Paul Smith akamnyoa kiduku na kumvika mavazi ya ngozi nyeusi. Smith mwenyewe amesema wazo lilianza kama mzaha. Lakini tazama walivyolitumia: Kitty Pryde, binti anayempenda Ororo kama mama, anamwona, anaumia, anakimbia. Uzito wa mabadiliko tunausoma kwenye uso wa mtu mwingine. Huo ni ufundi wa hali ya juu.

Mwaka 1984 wakamnyang'anya na nguvu zenyewe. Kisha likaja toleo la 198, mwaka 1985, lililochorwa na Barry Windsor-Smith, na hapo ndipo ninapokaa muda mrefu zaidi. Ororo yuko Afrika, hana kitu. Mwanamke aitwaye Shani anajifungua, mtoto hapumui. Yule aliyewahi kuamuru pepo anainama na kumpulizia pumzi ya kifua chake. Na safari hii kijiji kina mzee, Mjnari, mwenye fikra zake na neno la kumwambia mgeni. Kwangu hilo ndilo sahihisho la ukurasa ule wa 1975, na lilichukua miaka 10.

Katika toleo la 201, bado hana nguvu, anapambana na mwenzake Cyclops kugombea uongozi wa X-Men. Anamshinda.

Wewe unayechora, kabla hujamwongezea shujaa wako uwezo mwingine, mnyang'anye ule alio nao, kisha mchore ukurasa mzima hivyo hivyo.