Mkono Usioamini

Tumbe hakuna duka la bunduki. Kuna maduka ya ndoana na mishipi, kuna wauza barafu, kuna mnada wa samaki ambao watu wa Wete na Chake Chake hufunga safari kuufuata. Bunduki haiuzwi, na kaskazini ya Pemba, iliyoyaona mauaji ya waandamanaji ya Januari 2001, haina hamu nayo. Hata hivyo fundi bora wa kuishika bunduki niliyepata kumwona anaishi hapa. Ni mzee aliyestaafu uaskari. Miaka yake ya mwisho kazini aliimaliza katika ghala la silaha huko Bara, na sasa asubuhi zake anazipitisha kivulini karibu na mnada, akingoja vyombo viingie.

Vijana wakimchokoza awaonyeshe, huokota kafi kuukuu akaligeuza bunduki. Hapo mchezo huisha. Hata kafi halielekezi kwa mtu. Kabla ya jambo lolote hutazama huku na huku akitafuta pa kulielekeza: si kwenye ukuta wa makuti, maana nyuma yake kuna watu, na si kwenye sakafu ya saruji, maana risasi hudunda. Huchagua mchanga wa pwani. Ghalani kwake, anasema, palikuwa na pipa lililojaa mchanga, na hakuna aliyepokea wala kurudisha silaha ila mdomo wa bunduki umeelekea humo. Kidole cha shahada hukilaza ubavuni mwa kafi, kimenyooka, mbali kabisa na pale ambapo kifyatulio kingekuwapo.

Kisha anaifungua, na uzuri wa kazi yake umo katika mpango wa hatua. Magazini hutoka mwanzo. Ndipo anaiondoa sefti, kwa sababu kwa SMG, yaani bunduki ya aina ya AK-47, sefti ikiwa imefungwa bolti hairudi yote. Anaivuta bolti mpaka mwisho, na risasi iliyokuwamo chembani hurukia nje. Mwenye haraka hugeuza mpango huo. Huvuta bolti kwanza, risasi ikaruka, akaiona kwa macho yake na akaridhika; bolti inaporudi mbele huchukua nyingine kutoka kwenye magazini ambayo bado imo. Ndipo anaitoa magazini, na sasa ana bunduki isiyo na magazini, aliyoikagua mwenyewe, yenye risasi chembani. Akibonyeza kifyatulio ili "kuhakikisha", amehakikisha kweli.

Mzee haridhiki na risasi iliyoruka. SMG haikai wazi yenyewe, hivyo huishikilia bolti kwa mkono mmoja, akachungulia chembani, akatia ncha ya kidole kidogo na kupapasa, akachungulia tena. Wachokoaji pweza wa Tumbe hufanya vivyo hivyo mwambani: hutanguliza kijiti shimoni, maana wanajua mkunga naye hupenda kulala humo. Kidole kina kazi ambayo jicho haliiwezi. Ghalani huwa na giza, na jicho la mtu aliyechoka huona lile analolitarajia.

Kosa la duka la bunduki na la ghalani ni moja. Mtu analeta bastola aiuze au itengenezwe, ameshaitoa magazini, anaiweka mezani na kusema haina kitu. Hadanganyi, anaamini hivyo. Na zipo bastola, Glock mojawapo, ambazo hazifumuliki mpaka kwanza kifyatulio kibonyezwe, kwa hiyo aliyesahau kuchungulia chembani huipiga risasi meza ya fundi, au mkono wake, au mtu wa chumba cha pili. Mzee akiambiwa haina kitu hujibu kwa upole, "Nionyeshe, mwanangu." Akishaonyeshwa huifungua tena mwenyewe. Akiiweka chini akageuka kujibu salamu, akiishika tena huanza upya, ingawa haikuondoka mbele yake. Wapo wanaoona huo ni wasiwasi wa uzee. Mimi naona ndio ufundi wenyewe: mtu aliyeijua bunduki muda mrefu kuliko wengi wetu tulivyoishi, na hajaiamini hata kumbukumbu yake ya dakika moja iliyopita.

Kuamini neno tu kumewahi kuua. Oktoba 21, 2021, huko New Mexico, Marekani, watengenezaji wa filamu ya Rust walikuwa wakijiandaa kupiga tukio moja. Bastola ilitangazwa kuwa salama, ikawa mkononi mwa mwigizaji Alec Baldwin, ikafyatuka. Halyna Hutchins, mpiga picha mkuu wa filamu, alikufa, na mwongozaji Joel Souza akajeruhiwa. Ndani mlikuwa na risasi ya kweli. Aliyeishika mwisho aliliamini neno la waliomtangulia.

Lakini mzee huchangamka hasa akifika kwenye gobori. Hili halifunguki. Linashindiliwa kwa mdomo, baruti kwanza, kisha kizibo, kisha gololi au vipande vya chuma, na ukichungulia mtutu huoni ila giza, mbali ya kwamba umeshaweka uso wako mahali pabaya. Dawa yake ni mdeki. Akiwa kando ya mdomo, huutelezesha mdeki mpaka ukome, akasikiliza: mtutu mtupu hulia chuma kwa chuma, ulioshindiliwa hutoa mshindo mzito usio na mlio. Kisha hutia alama mdeki ulipokomea mdomoni, akautoa na kuulaza juu ya mtutu kwa nje, alama ikilingana na mdomo. Ncha ikifika karibu na pale penye fataki, hamna kitu. Ikikoma vidole kadhaa kabla, mna mzigo. Sijaona kipimo kizuri kuliko hicho: fimbo moja, sikio, na mkwaruzo wa ukucha.

Magobori haya yana historia na pwani yetu. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Unguja, Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 huingia bara kila mwaka kupitia pwani hii. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizibana zile za kisasa, ukaacha upenyo kwa bunduki za gumegume na baruti ya kawaida, na hiyo ni sababu moja iliyofanya bunduki za kushindilia zidumu mikononi mwa watu. Wakati polisi wa Tanzania wanapotangaza msamaha wa kusalimisha silaha, kama walivyofanya 2023, magobori huwa miongoni mwa zinazoletwa. Na lililoshindiliwa zamani bado ni hatari, maana baruti nyeusi ikikaa pakavu haizeeki.

Kwa hiyo, ikiwa nyumbani kwenu limetundikwa gobori la babu, usilishushe kulipangusa vumbi, usiwape watoto walichezee, na usijaribu kifyatulio ili kujua kama bado kinafanya kazi. Liache pale lilipo, wasogeze watu upande ambao mdomo wake hauelekei, na uwaite polisi. Waambie limekaa muda gani, na uwaombe walitie mdeki kabla ya kulibeba.